Kiwanda Hakifuati Mkorosho

Chukua kilo tano za korosho ghafi kutoka Tandahimba. Zibangue, zikaushe, umenye ganda lile jembamba la ndani, na utabaki na kilo moja hivi ya kiini cheupe. Nyingine zote ni ganda. Hata hivyo kila mwaka, minada ya stakabadhi ghalani ikifunguliwa Oktoba, sehemu kubwa ya korosho za Mtwara, Lindi na Ruvuma hupakiwa melini na maganda yake na kuvushwa bahari hadi India na Vietnam. Kuna mtu anayelipia kontena, bima na nauli ya mzigo ambao sehemu yake kubwa hailiki, na bado anapata faida.

Anayeamini kwamba kiwanda hufuata malighafi hana maelezo ya safari hiyo. Imani yenyewe ndiyo iliyotawala mazungumzo yetu ya maendeleo kwa zaidi ya nusu karne: kiwanda kijengwe palipo na zao, kila mkoa upate chake, na kipato cha wananchi wa mkoa huo kitapanda. Utaisikia kwenye mikutano ya kampeni, bungeni Dodoma, redioni, na kwenye vijiwe vya kahawa. Mwaka 2017 iligeuzwa kuwa agizo, pale kila mkoa wa Tanzania Bara ulipotakiwa kuwa na viwanda vipya 100 chini ya kaulimbiu ya mkoa wetu, viwanda vyetu. Ng'ambo ya mpaka, Kenya nayo imejiwekea mpango wa eneo la viwanda katika kila kaunti. Wanaoyasema haya wana nia njema. Lakini imani hiyo ni ya makosa, na wanaoumizwa nayo zaidi ni watu wa mikoa ile ile inayodaiwa kutetewa.

Nianze na historia yetu, kwa sababu tunazungumza kana kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa. Mpango wa Pili wa Maendeleo, wa 1969 hadi 1974, ulichagua miji tisa ya kuipunguzia Dar es Salaam mzigo: Tanga, Moshi, Arusha, Mwanza, Mbeya, Morogoro, Dodoma, Tabora na Mtwara. Viwanda vikagawanywa. Morogoro ikapata kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikubwa kiasi cha kutengeneza jozi milioni nne kwa mwaka na kuuza nyingi kati ya hizo nje ya nchi. Hakikufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Kwa ajili ya korosho tulijengewa viwanda kumi na viwili vya kubangua, vingi vikiwa Kusini, mitambo ikitoka Italia na Japani. Vingine havikufanya kazi ya maana hata msimu mmoja.

Wanaotetea imani hii wana jibu la haraka: usimamizi ulikuwa mbovu, mashirika ya umma yalikuwa na uzembe na wizi. Sikatai. Tena naongeza ambalo wao hawalisemi. Uvunaji wenyewe ulianguka, kutoka zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu wakulima walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ya kukatisha tamaa. Lakini basi, viwanda hivyo vilikuja kubinafsishwa. Wenye mali wapya hawakuwa na mzaha na fedha zao, na uvunaji ulikwishaanza kupanda tena. Walifanya nini? Wengi waligeuza majengo kuwa maghala. Walinunua kiwanda cha kubangua, wakaweka ndani yake magunia ya korosho ghafi yanayosubiri meli. Kama tatizo lingekuwa serikali peke yake, mitambo ingenguruma siku ile serikali ilipotoka mlangoni.

Tatizo lilikuwa jingine, na ili kulielewa inabidi kwenda Kollam.

Kollam ni mji wa pwani katika jimbo la Kerala, kusini mwa India. Tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia korosho za Afrika Mashariki zilikuwa zikipelekwa huko. Mashamba ya Kerala hayajawahi kutosheleza viwanda vya Kollam, hata kidogo. Kilichokuwapo ni wanawake maelfu kwa maelfu, mama na binti na mjukuu, waliojua kupasua ganda bila kuvunja kiini, na hilo ndilo jambo kubwa katika biashara hii, kwa kuwa kiini kizima na kiini kilichovunjika havina bei moja. Jirani yao kulikuwa na watu wa kutengeneza makopo, mawakala wa meli, wanunuzi wa mafuta ya ganda, wenye benki waliozoea kukopesha kwa kuangalia ghala la korosho, na wapanga madaraja wanaotambua daraja la kiini kwa jicho. Kiwanda kipya kilipofunguliwa, vyote hivi vilikwishakuwapo. Mwenye kiwanda alileta mtaji na uthubutu wake tu.

Mchumi Mwingereza Alfred Marshall aliliandika jambo hili mwaka 1890, akitazama miji kama Sheffield iliyobobea katika visu na vyuma. Alitaja sababu tatu za watu wa kazi moja kukaa pamoja, na hakuna Mswahili aliyewahi kutembea kwenye karakana za chuma za Gerezani, Dar es Salaam, asiyezijua kwa macho. Kwanza, fundi anayefukuzwa asubuhi hupata kazi mchana mlango wa pili, na tajiri anayeondokewa na fundi humpata mwingine kabla ya jioni. Pili, wauza chuma, vijiti vya kuchomelea na vipuri huja wenyewe palipo na wateja wengi, hivyo kila mmoja hupata kifaa kwa bei nafuu na kwa haraka. Tatu, ujuzi hausitiriki. Kijana akibuni namna mpya ya kukunja bati, wiki ijayo jirani ameiiga na mwezi ujao mwingine ameiboresha. Hakuna shule inayofundisha kwa kasi hiyo. Karne moja baadaye, mwaka 1991, Paul Krugman alionyesha kwa hesabu jinsi mambo haya yanavyojilisha yenyewe: viwanda huvuta watu, watu ni soko, soko huvuta viwanda. Palipotangulia kidogo, hata kwa bahati tu, panazidi kutangulia.

Sasa mfikirie mwanamke mwenye karakana ndogo ya kubangua pale Newala. Ana mashine kumi na wafanyakazi arobaini, wengi wao akina mama. Kisu kimoja cha mashine kinakatika. Fundi wa welding wa mjini ni hodari wa mageti na madirisha, ila hajawahi kukishika kisu kile. Inabidi mtu apande basi hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita mia tano, akahangaike Gerezani na kipande mkononi, alale mjini, arudi. Siku tatu zimekwenda. Wale akina mama wamekaa bila malipo, mzigo wa mteja umechelewa, riba ya benki haijalala. Mwenzake wa Binh Phuoc kule Vietnam hupiga simu moja tu, na fundi anafika kwa pikipiki na visu vitatu vya aina tatu. Korosho za Newala ni tamu, na mama yule si mvivu. Ameshindwa kwa sababu yuko peke yake.

Na Vietnam yenyewe ni ushahidi dhidi ya imani ninayoipinga. Katika miaka ya 1990 iliingia kwenye biashara iliyoshikwa na India, na kufikia mwaka 2006 ikaipita kwa kuuza kiini duniani. Ina mashamba yake, lakini hayatoshi viwanda vyake, hivyo hununua kutoka Kambodia, Ivory Coast na kwetu. Nguvu yake ilitoka karakanani. Mafundi wa hapo hapo walikaa karibu na wabanguaji, wakaona wapi mashine inakwama, wakaunda ya kwao, wakaibadili tena na tena. Leo wanauza mashine hizo hata Afrika. Sisi tulianza na mashine za kigeni zilizokamilika, zimefungwa kwenye zege, katika mji usio na mtu wa kuzibadilisha. Tulikiita kitu hicho kiwanda. Naona ni haki zaidi kukiita jengo.

Kama korosho hazitoshi kumshawishi mtu, atazame tanzanaiti. Hili ni jiwe ambalo linachimbwa mahali pamoja tu duniani, vilima vya Mirerani wilayani Simanjiro, tangu lilipogunduliwa mwaka 1967. Hakuna malighafi iliyofungwa mahali kuliko hii. Kama malighafi ingekuwa na nguvu ya kuita kiwanda, mji mkuu wa ukataji wa tanzanaiti ungekuwa Mirerani au Arusha. Ni Jaipur, India, ambako hakuna hata punje yake ardhini. Mfalme Jai Singh wa Pili alipouanzisha mji huo mwaka 1727 alikaribisha mafundi wa vito, na wajukuu wa wajukuu wao wamo bado katika vichochoro vile vile, familia hii ikikata, ile ikichoma jiwe lipate rangi, nyingine ikitafuta wateja. Surat nayo, katika Gujarat, hukata karibu almasi tisa kati ya kila kumi za dunia, na migodi haipo. Sisi mwaka 2018 tulimaliza kujenga ukuta wa zaidi ya kilomita 24 kuzunguka Mirerani. Ukuta unazuia wizi, na wizi ulikuwa mkubwa, kwa hiyo siulaumu. Lakini ukuta haumfundishi mtu kukata jiwe. Kituo cha jemolojia cha Arusha kinafundisha, na ningependa kuona fedha zilizoingia kwenye zege zikifuatwa na nyingine kama hizo kwenye magurudumu ya kukatia, mikopo ya wahitimu na mtaa wao wa kufanyia kazi pamoja.

Nitaambiwa: mbona sukari inatengenezwa Kilombero na TPC Moshi, penye miwa? Mbona chai inasindikwa Mufindi? Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu kamili. Muwa ukikatwa huanza kupoteza sukari, jani la chai haliwezi kungoja siku mbili, na mkonge mbichi karibu wote ni maji na makapi. Pamba mbegu ni nzito kuliko nyuzi zake, ndiyo maana vinu vya kuchambua viko Usukumani. Mawe ya chokaa ya saruji hayasafirishwi mbali, ndiyo maana kiwanda cha Dangote kilichofunguliwa Mtwara mwaka 2015 kimekaa juu ya mawe yake. Katika mazao ya namna hii hatua ya kwanza hufungwa na shamba au mgodi. Lakini hatua ya kwanza huwa ndiyo yenye malipo madogo. Pamba ikishachambuliwa tu, uhuru unaanza, na robota zetu nyingi zimekwenda kusokotwa nchi za mbali. Na korosho, ambayo kwa hesabu ya uzito ingepaswa kubaki nyumbani, inakaa ghalani miezi bila kuoza. Mvuto wa kongani ya ng'ambo, yaani mkusanyiko wa viwanda na mafundi wa kazi moja, umeushinda hata uzito wa ganda.

Mafinga imenifundisha jambo hapa. Ule ni mji wa mbao. Msitu wa serikali wa Sao Hill ulikuwapo miongo mingi, na malighafi ilikuwa hapo wakati wote. Mji ulichangamka kweli wananchi walipoanza kupanda miti yao wenyewe, mashine ndogo za kupasulia mbao ziitwazo dingdong zikaenea, wanoa misumeno wakafungua vibanda, mafundi wa injini wakaja, madalali wakaja, malori yakapata mzigo wa kwenda na wa kurudi. Kisha wakaja wenye viwanda vya vinia, wageni na wenyeji, wakiwafuata waliotangulia. Hakuna aliyetoa agizo la viwanda mia. Kila mmoja alikuja kwa sababu mwenzake alikuwa amekwishafika.

Sasa niingie penye uchungu, yaani pato la mikoa. Sensa ya 2022 iliihesabia Dar es Salaam watu milioni 5.4 kati ya Watanzania milioni 61.7, chini ya mmoja katika kila kumi na mmoja. Mkoa huo huo hutoa takribani asilimia 17 ya pato lote la taifa. Kwa hesabu hiyo mtu wa Dar es Salaam ana pato linalokaribia mara mbili ya wastani wa nchi, na yuko mbali sana mbele ya mtu wa Kagera, Simiyu au Kigoma. Wengi wakiona hesabu hii husema Dar inanyonya. Mimi naona kinyume chake ndicho kilicho karibu na kweli. Mpiga chuma yule yule akitoka Kigoma na kukaa Gerezani, mikono yake haikuzidi, ila kazi ya siku moja sasa inazaa zaidi kwa sababu ya waliomzunguka. Ziada hiyo haikuchukuliwa Kigoma. Huko haikuwapo. Ukimrudisha kwa nguvu, au ukimjengea kibanda cha upweke huko alikotoka, Kigoma haiipati ziada ile. Inapotea.

Tena sehemu yake hurudi yenyewe. Nenda Rombo au Marangu mwezi Desemba, nauli za mabasi zikiwa zimepanda na njia imejaa magari, utazame nyumba zilizojengwa, ada zilizolipwa, ng'ombe walionunuliwa kwa fedha ya Kariakoo. Siku hizi haihitaji hata Desemba, simu ya mkononi hutuma kila Jumamosi. Mkoa haupimwi kwa mabomba ya moshi yaliyomo ndani ya mipaka yake. Upimwe kwa hali ya watu wake, popote wanapotafutia riziki.

Lakini sitaki kuwa mwepesi mbele ya wanaobaki. Wako wasioweza kwenda: bibi anayelea wajukuu, mkulima mwenye mikorosho mia mbili iliyopandwa na babu yake. Na ni kweli kwamba kongani ya mbali inaweza kumuumiza aliye pembezoni. Barabara ina pande mbili. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 pale Rufiji, Kusini ilikuwa ikikatika na nchi wakati wa masika. Lilikuwa jambo la kikatili, na daraja lilikuwa deni lililochelewa kulipwa. Lakini lori linaloweza kubeba korosho kwenda Dar linaweza pia kuleta sabuni, biskuti na samani za Keko hadi Masasi, na seremala wa Masasi akapambana na mtaa mzima wa maseremala. Wananchi wa Mtwara walipoandamana mwaka 2013 wakisema gesi haitoki, watu wengi wa mikoa mingine waliwaona wakorofi. Sikuwaona hivyo wakati ule na siwaoni hivyo leo. Waliona bomba la zaidi ya kilomita mia tano likielekezwa Dar es Salaam, wakakumbuka ahadi zote za nyuma. Hasira yao ilikuwa halali. Nilichotofautiana nao ni dhana kwamba gesi ikibaki, viwanda vitakuja. Gesi ingebaki chini ya ardhi pamoja na umaskini juu yake, maana waliokuwa tayari kuichoma, mitambo ya umeme na viwanda, walikuwa wamekwishakaa pamoja Dar.

Basi Kusini ifanyeje? Jibu liko ng'ambo ya mto Ruvuma. Msumbiji iliwahi kuongoza dunia kwa korosho. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, katikati ya miaka ya 1990, Benki ya Dunia iliishinikiza kupunguza ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, viwanda vikubwa vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakaachishwa kazi. Nalitaja hili ili asije mtu akanisoma kwamba nasema soko liachwe tu na kila kitu kitajipanga. Halikujipanga. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika jimbo la Nampula, waliibuka wabanguaji wa ukubwa wa kati wenye mashine rahisi ambazo fundi wa karibu anaweza kuzitengeneza. Hawakutawanywa nchi nzima. Wengi wao walikaa katika jimbo moja, wakaunda kampuni ya pamoja ya kuwatafutia soko, vifaa na ushauri, kiwanda kimoja kikawafunza wasimamizi wa kingine. Ajira za maelfu zikarudi. Wamepata misukosuko tangu hapo, hasa korosho ghafi zinapogombewa na wasafirishaji. Lakini walifanya kwa mashine za bei ndogo kile ambacho viwanda vyetu kumi na viwili vilishindwa kufanya kwa mitambo ya kifahari.

Kwa hiyo naunga mkono wazo la kongani ya korosho pale Maranje, Mtwara, kwa sharti kwamba iwe moja na iwe kweli. Eneo lenye uzio, geti na bango halitoshi. Kwanza iwekwe karakana ya kutengeneza na kubadili mashine za kubangua, na vijana wa vyuo vya ufundi wa Kusini wapelekwe Binh Phuoc wakae mwaka mzima, wasiende ziara ya siku saba. Wawepo wanunuzi wa ganda na mafuta yake, maabara ya kupima ubora, ghala la kukodi, na benki inayokopesha mbanguaji mapema ili asimame mnadani sawa na msafirishaji. Umeme usikatike. Na iachwe ikue miaka ishirini bila waziri mpya kuja na mwelekeo mpya.

Hapa ndipo penye ugumu wa kisiasa, na ndiyo sababu imani ya zamani haifi. Kongani moja maana yake ni kwamba Lindi, Ruvuma, Pwani na Tanga, zote zenye mikorosho, zikubali kwamba kiwanda hakitakuwa kwao. Mbunge wa Liwale au Tunduru atarudi jimboni bila utepe wa kukata. Atakachoweza kuwaletea watu wake ni bei bora ya korosho kwa sababu wanunuzi wameongezeka mnadani, shule ya sekondari yenye walimu wa hesabu, zahanati yenye dawa, barabara ya kumfikisha kijana Mtwara asubuhi na kumrudisha kwao mwisho wa wiki, na nyumba ya kupanga ya bei nafuu atakapofika huko. Hivi vinaweza kugawanywa sawasawa kwa kila wilaya, na serikali ina wajibu wa kuvigawa hivyo, mpaka kijiji cha mwisho. Ustadi wa watu mia wanaofanya kazi moja mtaa mmoja haukatiki vipande ishirini na sita, kimoja kwa kila mkoa wa Bara.

Mwezi Oktoba minada itafunguliwa tena. Magunia yatapangwa Masasi, Newala na Nanyumbu, meli zitatia nanga Mtwara, na maganda yatapakiwa pamoja na viini, kwenda kwa watu ambao hawana mikorosho ya kutosha ila wana fundi wa kisu jirani.